Je, Wajua? Mombasa, Mji wa Thenashara Taifa

Ukiuliza Mji wa Kale ni nani mwenyeji wa Mombasa, utatajiwa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili. Taifa Tatu ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Taifa Tisa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Yasikilize majina hayo taratibu. Pate na Faza ziko kisiwani Pate, kule Lamu. Mtwapa na Kilifi ni pwani ya kaskazini. Wengi wa wenyeji hao ni watu waliohamia, na jina la kwao wanalo hadi leo. Hili ndilo linalonifanya niupende mji huu.

Msafiri Ibn Battuta alilala hapa usiku mmoja mwaka 1331. Alikuta misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na penye mlango wa msikiti kisima cha kuoshea miguu, kwa kuwa watu walitembea pekupeku. Nafaka ililetwa kwa vyombo kutoka kwingine.

Je, wajua kwamba neno gereza limetoka kanisani? Kwa Kireno, kanisa ni *igreja*. Wareno hao ndio waliojenga ngome ya Fort Jesus kati ya 1593 na 1596 kwa amri ya mfalme wa Uhispania, aliyetawala Ureno pia. Aliyechora ramani ni Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Mawe ni matumbawe ya papa hapa. Waomani waliizingira karibu miaka mitatu, wakaitwaa 1698. Kisha Waingereza wakaigeuza jela, kuanzia 1895 hadi 1958, na hapo ngome ikawa gereza kweli.

Waanglikana nao, kanisa lao kuu la mwanzoni mwa karne ya 20 walilijenga kwa kuba na matao. Mgeni akilitazama kwa mbali hudhani ni msikiti. Kwenye Barabara ya Langoni, hatua chache tu kutoka misikitini, liko hekalu la Wajaini la marumaru nyeupe.

Lakini ukitaka kuuona mji wote kwa mara moja, shika leso. Jina lake ni la Kireno, *lenço*, kitambaa cha mkononi. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani waliacha kununua vitambaa hivyo kimoja kimoja. Walikatiwa sita vikiwa bado jora, wakavigawa vitatu vitatu, wakaviunga kwa sindano kuwa nguo moja pana. Wafanyabiashara walipoona hivyo, wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kupigwa chapa, yenye pindo kuzunguka na “mji”, yaani sehemu ya katikati. Baadaye likaongezwa jina, yaani yale maandishi, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini.

Katika Mtaa wa Biashara, duka la Kaderdina Hajee Essak, la familia yenye asili ya Uhindi, limekuwa likiuza leso tangu 1887, na chapa yake, Mali ya Abdulla, inajulikana pwani nzima. Mama akiingia duka lolote la mtaa huo hukunjuliwa leso mezani. Huipapasa, huitazama rangi, kisha huuliza: “Imeandikwaje?” Muuzaji humsomea jina kwa Kiswahili cha Mombasa. Likimgusa, ananunua, lisipomgusa, hukunjuliwa nyingine.