Injini Iliyoopolewa Kilindini

Usiku wa kuamkia Juni 29, 2025, katika kisiwa cha Tanegashima kusini mwa Japani, roketi iitwayo H-IIA ilirushwa kwa mara ya 50, nayo ikawa safari ya mwisho ya aina hiyo. Tangu ile ya kwanza ya Agosti 29, 2001, safari 49 zilifaulu na moja tu ndiyo iliyopotea. Wengi wameisifu hesabu hiyo. Sisi tumeonelea tueleze ilikotoka, kwani asili yake ni chuma kilichovunjika na kuzama baharini.

Yafaa kwanza tufahamu kwamba roketi ya namna hii hutumika mara moja tu. Urefu wake ni mita 53, na tumboni mwake mna haidrojeni na oksijeni zilizopozwa hata zikawa majimaji. Ikishaifikisha setilaiti angani, kazi yake imekwisha. Hairudi ikakaguliwa, kama gari linavyorudi gereji. Basi fundi ataijuaje kasoro iliyokuwamo?

Swali hilo liliwakabili Wajapani Novemba 15, 1999. Siku hiyo mtangulizi wake, H-II, iliondoka na setilaiti ya utabiri wa hali ya hewa na uongozaji wa ndege. Baada ya dakika nne hivi injini kuu ikazimika ghafla, na waongozaji wakalazimika kuilipua roketi yote kwa amri kutoka ardhini. Ilikuwa hasara ya pili mfululizo, kwani safari ya Februari 1998 nayo ilikwenda kombo.

Ingalikuwa rahisi kukisia sababu na kuendelea. Wao waliitafuta injini hiyo katika Bahari ya Pasifiki, wakaiona kwenye kina cha karibu mita 3,000, na Januari 2000 wakaiopoa. (Aliyewahi kutafuta nanga iliyokatika katika maji ya pima kumi atatuelewa.) Uchunguzi ukaonyesha kwamba ubapa mmoja wa pampu ya haidrojeni ulichoka kwa mitikisiko, ukakatika. Kwa kipande hicho kidogo setilaiti nzima ilipotea! Aina ya H-II ikaachwa, na somo lake likaingizwa katika injini ya H-IIA.

Hata hivyo msiba haukukoma. Novemba 29, 2003, katika safari ya sita, moja ya roketi ndogo za ubavuni ilikataa kuachana na mama yake. Gesi ya moto ilikuwa imepenya kwenye mdomo wake na kuunguza waya wa baruti uliotakiwa kuitenganisha. Kwa uzito ule mwendo haukutosha. Ikalipuliwa pamoja na setilaiti mbili za upelelezi. Ikapita miezi kumi na tano bila ya H-IIA kuruka. Iliporejea, Februari 26, 2005, ilibeba setilaiti ya kushika nafasi ya ile iliyopotea mwaka 1999. Kuanzia hapo zilifuatana safari 44 bila ya kosa.

Mojawapo ya hizo inawahusu Waarabu. Fursa ya kwenda Mirihi huja mara moja katika kila miezi 26 hivi, na Umoja wa Falme za Kiarabu waliikabidhi H-IIA chombo chao Al-Amal, yaani Tumaini. Hali mbaya ya hewa iliiahirisha safari hiyo kwa siku kadhaa, hata asubuhi ya Julai 20, 2020, kwa saa za Japani, ikaondoka. Februari 9, 2021 chombo kiliingia katika mzunguko wa Mirihi, cha kwanza kutoka nchi ya Kiarabu.

Mrithi wa H-IIA ni H3. Katika safari yake ya kwanza, Machi 7, 2023, injini ya hatua ya pili haikuwaka, ikalipuliwa na mzigo wake. Mafundi wakarudi kwenye uchunguzi, na Februari 17, 2024 ikafika.