Kabla ya kumwaga maji ya kidimbwi, walishe bakteria

Maji yananuka, samaki hawali, na chakula cha dukani hakishikiki kwa bei. Wafugaji wengi wa Pwani wakifika hapo humwaga maji na kuanza upya. Lakini dawa huenda imo jikoni.

Chakula cha samaki kina protini nyingi, na ndani ya protini mna naitrojeni. Samaki hutumia takribani robo yake tu. Inayobaki hurudi majini, na sehemu kubwa huwa amonia, ambayo ni sumu.

Wapo bakteria wanaoila amonia hiyo, ila hawaili peke yake, kama sisi tusivyokula mchuzi bila wali. Wali wao ni wanga wa mimea: unga wa muhogo, pumba au molasi. Mwaka 1999 mtaalamu wa Israeli, Yoram Avnimelech, alieleza kuwa gramu 1 ya naitrojeni ya amonia huhitaji kama gramu 20 za wanga. Kwa hiyo ukitoa kilo 1 ya chakula chenye protini asilimia 30, ongeza wanga wa karibu nusu kilo. Koroga kwenye ndoo ya maji, kisha mwaga kidimbwi kizima.

Bakteria wakishiba huzaana na kushikana, wakawa chembechembe za kahawia. Tilapia na kamba huzila. Ule uchafu uliokuwa sumu umegeuka chakula, nawe umeokoa pesa.

Lakini tahadhari: bakteria nao wanavuta pumzi. Bila mashine ya kutia hewa usiku na mchana, watawamalizia samaki hewa, hasa kuelekea alfajiri. Ukiwaona samaki wanatweta juu ya maji, acha wanga mara moja na uongeze hewa.

Asiye na mashine asikate tamaa. Asimike mianzi ndani ya kidimbwi, kama wavuvi wa Benin wanavyosimika matawi kwenye wangwa zao tangu zamani. Bakteria na mwani huota juu yake, wakafanya utando unaoliwa na tilapia. Mwatiko naye hupenda utando wa aina hiyo unaoota chini kwenye tope.

Ila usikate mikoko kwa kazi hii. Humo ndimo wanamokulia vifaranga vya mwatiko na kamba tunaowafuga.