Mama akitibiwa saratani, kazi ya jamaa ni ipi?

Habari ya saratani ikiingia nyumbani, sisi watu wa Pwani hatukosi kujaa. Majirani huja kumtazama mgonjwa, shangazi huleta uji, na simu hazikatiki. Baada ya wiki mbili watu hupungua. Kufika mwezi wa tatu, mama yuko na binti mmoja tu, naye amechoka. Matibabu yenyewe huwa bado yako katikati.

Tuchukue saratani ya matiti, ambayo ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi hapa Kenya. Kulingana na hali yake, mgonjwa huweza kufanyiwa upasuaji, akapewa kemo, akapigwa mionzi, kisha akaandikiwa vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Kemo mara nyingi hutolewa kila baada ya siku 21, kwa awamu 4 hadi 8. Mionzi huwa ni siku 5 kwa wiki, kwa wiki kadhaa mfululizo.

Dawa za kemo huua chembe zinazozaana kwa haraka. Chembe za saratani ni hizo, lakini pia zimo za mizizi ya nywele, za ndani ya mdomo na tumbo, na za kwenye uboho wa mifupa ambako damu hutengenezwa. Ndiyo sababu nywele hunyonyoka, mdomo hutoka vidonda, chakula hakipiti na nguvu huisha. Zile wiki tatu za kungoja huupa mwili nafasi ya kujijenga. Lakini mgonjwa akikatiza matibabu kwa kukosa nauli au mtu wa kumsindikiza, ugonjwa nao hupata nafasi.

Mama yetu alipokuwa akitibiwa, kilichotufaa zaidi ni kugawana kazi mapema. Kaka alishika karatasi zote: majibu ya vipimo, kadi ya kliniki na mambo ya bima. Mimi na dada tulipeana zamu za kumpeleka hospitali. Halati alishika jiko. Mjomba aliye mbali hakuweza kuja, lakini nauli ya kila awamu ilikuwa juu yake, na hakuchelewa hata mara moja. Mama mwenyewe alituambia kuwa hofu ilimpungua alipojua ni nani atamjia siku ya kliniki, bila ya yeye kuomba.

Anayeshika jiko ajue kuwa chakula kidogo mara nyingi ni bora kuliko sahani iliyojaa. Mama alikataa samaki wa kukaanga kwa sababu ya harufu, akakubali uji mwepesi na ndizi. Matunda yaoshwe vizuri, na nyama na mayai yaive kabisa.

Wageni nao wana adabu yao. Siku kadhaa baada ya kemo, chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi hushuka. Mwenye mafua au kikohozi atume salamu kwa simu. Na mgonjwa akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, msingoje asubuhi wala kumpa panadol na kumlaza. Mkimbizeni hospitali usiku huo huo. Nunueni kipimajoto kiwe nyumbani.

Kuhusu pesa, tangu Oktoba 2024 bima ya umma iko chini ya SHA. Michango iwe imelipwa, na muulize mapema ni kiasi gani cha matibabu ya saratani kinacholipiwa, kwani bima ina kikomo chake kwa mwaka kwa familia nzima. Zamani wagonjwa wetu walilazimika kwenda Nairobi, kwa kuwa kwa miaka mingi Hospitali ya Kenyatta ndiyo pekee ya umma iliyokuwa na mashine za mionzi. Siku hizi Makadara, yaani Hospitali Kuu ya Pwani, ina kituo cha saratani. Hata hivyo, kutoka Kwale au Kilifi kila mara bado ni gharama.

Yako pia maneno ya kuepuka. Msimwambie mama kuwa amerogwa, wala msimletee dawa za miti bila ya daktari kujua, kwa sababu nyingine hugongana na kemo. Akitaka kulia, mwacheni alie. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, ashauriane na daktari kuhusu kufunga, na asionewe haya akila.

Na anayemuuguza naye apumzishwe. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mnapokwenda kumtazama mgonjwa, kabla ya kuaga, ulizeni: awamu ijayo ni lini, na ni nani atakayekwenda naye?