KUTAFUTA KAMBA KWA CHOMBO CHA MWANGWI

Mvuvi wa kimia hutumia nguvu nyingi kuliko mtazamaji aliye pwani awezavyo kudhani. Wavu uliolowa, pamoja na risasi zake, ni mzigo. Na mtu aliyeurusha mara thelathini juu ya maji matupu amechoka na petroli yake imepungua, wala hana cha kupeleka mnadani. Katika vijito vyembamba vya mikoko macho humtosha, kwa maana huwaona kamba wakiruka. Lakini katika vilindi vya delta ya Rufiji, au mahali Tana na Sabaki ziingiapo Ghuba ya Ungwana, maji ni mazito kwa tope, na kamba wamekaa chini, pima mbili, tatu au zaidi. Huko ndiko chombo cha mwangwi kiwezako kumfaa mvuvi, kama akijua kukisoma.

Kazi ya chombo hiki ni ile ile ya bildi, ila badala ya ugwe na risasi hutumia sauti. Kichwa chake, kikaacho majini, hutoa mlio mwembamba ambao sikio la mtu haliwezi kuusikia, kisha hungoja mwangwi urudi. Sauti katika maji ya bahari hupita kadiri ya mita 1,500 kwa sekunde moja. Kwa hiyo katika kina cha mita 5 mwangwi hurudi kabla ya sehemu moja ya mia ya sekunde kuisha. Chombo huhesabu muda huo na kuandika kina juu ya kioo. Wazo hili si jipya. Baada ya Titanic kuzama mwaka 1912, Alexander Behm wa Ujerumani alitafuta njia ya kugundua milima ya barafu kwa mwangwi, akaona kwamba kupima kina ndiko kulikofaa zaidi. Na mwaka 1948 ndugu wa jamaa ya Furuno, huko Japani, walianza kuwauzia wavuvi chombo cha kutafutia samaki.

Yapasa kuelewa tangu mwanzo ya kwamba kamba si samaki. Samaki wengi wana kifuko cha hewa tumboni, na hewa hiyo ndiyo irudishayo mwangwi kwa nguvu. Kamba hana kifuko hicho, na mwili wake umekaribia uzito wa maji yenyewe. Mwangwi wake basi ni dhaifu sana. Mvuvi angojaye kuona pinde zile zilizochorwa katika matangazo ya wauzaji atangoja mpaka jua litue. Kundi la kamba huonekana kama ukungu mwepesi uliokaa juu ya mstari wa chini, au kama chini yenyewe imeota manyoya. Ili kuuona ukungu huo, tumia mlio mwembamba wa mitetemo 200,000 kwa sekunde, wala si ule mnene wa 50,000, ambao urefu wa wimbi lake ni milimita 30 na hupita juu ya vitu vidogo bila kuvijali. Kisha zidisha usikivu wa chombo polepole mpaka maji ya katikati yaanze kuwa na vumbi, halafu urudi nyuma kidogo.

Vitu vingine navyo hufanya ukungu. Povu la mashine hudanganya sana. Zima mashine na kuacha chombo kielee. Maji matamu ya mto yapitapo juu ya maji ya chumvi huweza kuandika mstari katikati ya kina, ulionyoka, na huo si kamba. Dagaa huonekana kama donge lenye rangi kali, nalo huhama upesi. Tope lililotibuliwa na mkondo ndilo gumu kulitambua, na hapo hapana shahidi ila kimia: rusha mara moja, uone.

Kosa lililo kubwa kuliko yote ni la kutojua kioo kinaonyesha wapi. Wengi hudhani kioo ni dirisha la kutazamia mbele. Sivyo. Ukingo wa kuume ndio sasa, na yote yaliyo kushoto yamekwisha pita. Tena chombo huona duara dogo tu chini ya kichwa chake: kwa miali ya nyuzi 20, upana wa duara ni kama theluthi ya kina. Katika maji ya mita 6 huona mita 2 tu. Basi ikiwa kichwa kimefungwa tezi na mrushaji amesimama omo, katika mtumbwi wa mita 7, chombo chaweza kuwaona kamba na kimia kianguke mahali pengine kabisa. Kifunge kichwa karibu na mrushaji, au weka boya lenye ugwe na jiwe ukungu unapotokea, kisha rudi taratibu juu ya boya. Na ujue ya kuwa ukitia nanga, kundi dogo lililotulia chini yako litachora mstari mrefu kana kwamba bahari yote imejaa kamba.

Saa iliyo bora ni mwisho wa maji kupwa. Maji yatokapo vijitoni kamba hushuka nayo, na wale wasiotoka baharini hukusanyika katika mashimo ya mkondo na kingo zake. Maji yakisimama, kimia hushuka wima. Wakati wa bamvua mkondo hukichukua kabla hakijafika chini. Katika Carolina ya Kusini, Marekani, warushao kimia katika mashimo marefu hushona ukanda mpana wa plastiki juu kidogo ya risasi, ili wavu usijifunge ungali unazama. Hila hiyo ni rahisi, na yafaa kujaribiwa hata na asiye na chombo. Katika maji yasiyofika kiunoni usijisumbue na mwangwi. Upondo na macho vyatosha.

Jambo moja chombo hakiwezi kusema ni ukubwa wa kamba. Kamba huzaliwa baharini, huingia mikokoni wakiwa wadogo kama uzi, hukua humo, kisha hurudi baharini kuzaa. Ukungu wa wachanga na ukungu wa wakubwa hufanana kiooni. Kwa hiyo tazama kimia cha kwanza: wakiwa wachanga, warudishe wangali hai na uhame shimo hilo, kwa kuwa hao ndio watakaovuliwa na mwenzako, au nawe mwenyewe, baada ya miezi michache, wakiwa na uzito wa kulipwa. Habari za nyavu zilizoruhusiwa na miezi ya kufunga umwulize Afisa Uvuvi wa mahali pako.

Betri ikae ndani ya sanduku lisiloingia maji, nayo ichajiwe kila jioni. Kichwa cha chombo hushikwa na mwani na chaza wadogo, na kikichafuka husikia vibaya. Kipanguse kwa kitambaa na maji baridi yasiyo ya chumvi, wala usikikwangue kwa kisu.