Mabaka ya kijivu mitini ni kitu gani?

Tukiingia shambani tunaona mabaka ya kijivu kwenye magome ya mibuni na miembe, hata juu ya mawe. Wako wenzetu wanaodhani ni ugonjwa unaonyonya mti, wakashika panga wakaukata. Ngojeni kwanza!

Mabaka hayo huitwa kuvumwani. Ni viumbe wawili wanaokaa nyumba moja. Mmoja ni kuvu. Wa pili ni mwani, mdogo mno, haonekani kwa macho. Kuvu ndiye mwenye nyumba, mwani ndiye mpishi. Kwa mwanga wa jua, maji na hewa, mwani hupika sukari, kama yafanyavyo majani ya mhindi. Wote wawili hula sukari hiyo. Mti hawaunyonyi, wameukalia tu.

Tujaribu jambo moja. Mwagia maji kidogo baka lililokauka. Mara nyingi baada ya dakika chache hugeuka kijani. Hawa hawana mizizi, wanangojea mvua, umande na ukungu. Wakikauka, mwani huacha kupika, akalala. Hafi. Akilowa, huamka akarudi kazini.

Na akiwa mkavu huvumilia jua kali kuliko akiwa amelowa. Mwaka 2005 wataalamu wa Ulaya walipeleka kuvumwani nje kabisa ya dunia, kwa chombo cha Kirusi, karibu wiki mbili, mahali pasipo hewa. Waliporudishwa na kutiwa maji, mwani alianza kupika tena. Haya, nani kati yetu angeweza?

Lakini anayelala sana hakui. Kuvumwani wengine wa mawe hawafikishi hata milimita 1 kwa mwaka. Joto la usiku nalo huwatesa. Usiku hakuna jua, basi hakuna kupika, ila kula kunaendelea. Wakiwa wamelowa penye joto, humaliza akiba yote. Ndiyo maana kule Kilimanjaro na Usambara, kwenye ukungu na baridi, wananing'inia mitini kama ndevu za mzee.

Adui mwingine ni moshi wa makaa ya mawe, wenye salfa. Huo huharibu rangi ya kijani ya mwani. Mwaka 1866 mtaalamu Nylander aliwakuta kwenye bustani ya Luxembourg mjini Paris, lakini sehemu nyingine za mji walikuwa wametoweka.

Sasa turudi kwenye mbuni. Mti ukidhoofika hupukutisha majani, jua likapenya hadi matawini, na mabaka yakaongezeka. Yaani udhaifu ulitangulia. Chunguza mizizi, udongo, na kutu chini ya majani. Panga liweke.