Daraja lililozaa mji wa Moi's Bridge

MSAFIRI atokaye Eldoret kwenda Kitale hupita katika mji wa Moi's Bridge, na huenda akajiuliza ni daraja gani lililoupa mji huo jina.

Jibu limo katika Mto Nzoia, ambao huanzia milima ya Cherang'any na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria baada ya kupita Webuye, Mumias na Budalang'i.

Mwanzoni mwa karne ya 20, walowezi wa Kizungu walipogawiwa ardhi katika nyanda za Uasin Gishu, mto huo ulikuwa kizuizi kwa magari ya kukokotwa na maksai. Mwindaji na mlowezi Cecil Hoey alijenga daraja hapo, na makazi yaliyochipuka kando yake yakaitwa Hoey's Bridge. Katika miaka ya 1920 reli ya kwenda Kitale ilipita papo hapo.

Jina la Trans Nzoia nalo linatokana na kivuko hicho. "Trans" ni neno la Kilatini lenye maana ya ng'ambo. Lakini ni ng'ambo kwa nani? Ni kwa mlowezi aliyesimama upande wa Uasin Gishu akiutazama Mlima Elgon. Kwa wenyeji waliolisha mifugo yao huko tangu kale, ng'ambo hiyo ilikuwa nyumbani.

Baada ya uhuru wa 1963, jina la Hoey liliondolewa, likawekwa la Daniel arap Moi, aliyekuwa Rais kuanzia 1978 hadi 2002. Desturi hii haiko Kenya pekee. Jijini Bangkok, Mfalme Chulalongkorn wa Thailand, aliyefariki 1910, alikuwa akijenga daraja kila alipoadhimisha siku yake ya kuzaliwa, na umri wake ukatiwa katika jina la daraja.

Hivyo majina ya madaraja humtaja mwenye amri, wala hayaitaji mikono iliyoyajenga. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inaruhusu majengo ya kale kuhifadhiwa, lakini kumbukumbu za wazee hazina budi kuandikwa wangali hai.

Leo wakulima wa pande zote mbili hupeleka mahindi yao Moi's Bridge, kwenye maghala ya Halmashauri ya Nafaka. Watawala wamebadilika na mji umebadilishwa jina. Mto ungali unaitwa Nzoia.