Kanga, Cheti na Shilingi 109,000

Heshima ya mtu aliyejitolea kijijini tunaijua ilivyo. Mgeni rasmi anafika, mama anaitwa mbele, anavishwa kanga, anakabidhiwa cheti chenye fremu, vigelegele vinapigwa, kisha wote wanarudi shambani. Sibezi kanga. Ila mimi ni mtu wa hesabu, na kwa mhudumu wa afya wa kitongoji hesabu inafanyika.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa miaka mitano wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, WAJA kwa kifupi. Lengo ni kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima. Namba hiyo haikuokotwa. Igawe kwa mbili upate 68,647, yaani jumla ya vitongoji vya vijijini na mitaa ya mijini, kila kimoja wahudumu wawili. Bajeti iliyotajwa ni takribani shilingi bilioni 899. Gawanya kwa kichwa: kama milioni 6.5 kwa kila mhudumu, kwa miaka mitano. Kwa mwezi ni shilingi 109,000, na humo mna mafunzo na vifaa pamoja na posho. Kinachofika mkononi ni pungufu ya hapo.

Kwa wazee si jambo geni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliandaa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, nao wakawakusanya watu karibu milioni mbili kusikiliza redio, kisha kuchimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Nchi ilikuwa maskini kuliko leo, na kazi ilikwenda kwa moyo wa watu. Lakini kampeni ya miezi michache ni jambo moja, na kupita nyumba kwa nyumba miaka ishirini ni jambo jingine kabisa.

Sasa tuje Dodoma. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, kaya ikiwa na wastani wa watu 4.3. Kila mhudumu basi anaangukiwa na watu 450, sawa na kaya 105. Mkoa wa Dodoma una watu 3,085,625. Ukiliweka kando jiji lenye watu 765,179, wanaobaki wametawanyika, takribani 60 kwa kilomita ya mraba. Watu 450 wa mhudumu mmoja wameenea kwenye kilomita za mraba saba na nusu, katikati ya mibuyu, makorongo na mashamba ya mtama na uwele. Kiangazi ni vumbi na jua la utosi. Masika korongo likijaa, nyumba ya ng'ambo haifikiki.

Aingie kila kaya mara moja tu kwa mwezi. Tumpe dakika 45 za kutembea, kupiga hodi, kuitikia mbukwa na kusalimiana inavyostahili (huku kwa Wagogo salamu haikatishwi), kumtazama mtoto, kumuuliza mjamzito kama amehudhuria kliniki. Ni saa 79. Karibu nusu ya mwezi wa mwajiriwa, na sijahesabu usiku anapogongewa mlango.

Kazi yenyewe haionekani kirahisi kwenye picha. Kongwa iliwahi kusumbuliwa sana na trakoma, ugonjwa wa macho ambao vijijini wengi huuita vikope. Watafiti wameufuatilia huko kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya mapambano ilikuwa kuwashawishi akina mama wawanawishe watoto uso mahali ambapo ndoo ya maji hutoka mbali. Dawa hugawiwa kwa siku chache. Kushawishi hakuishi, na hakufanywi na mgeni.

Mei Mosi 2025 sherehe za kitaifa zilifanyika Singida, jirani zetu wa magharibi, na Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kima cha chini cha mshahara wa umma kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Siku hiyo ndiyo wafanyakazi hodari hupewa zawadi zao. Mama yetu mhudumu hapandi jukwaani, kwa kuwa hayumo kwenye orodha ya mshahara ya mwajiri yeyote.

Basi tumlipe kwa saa zake: nusu ya kima cha chini, shilingi 250,000 kwa mwezi. Kwa wahudumu wote 137,294 ni bilioni 412 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya bilioni 180 za mpango wa sasa. Ni fedha nyingi. Zipime kwa bajeti ya taifa ya 2024/25, trilioni 49.35: hazifiki asilimia moja. Hazina watasema kila wizara ina asilimia moja yake, na hapo sina ubishi nao. Ninachobishia ni kuiita kazi hii ya bure. Aliyeihudumia jamii miaka ishirini kwa kipimo hicho ameacha kwa majirani zake shilingi milioni 60.

Ukizigawa hizo 250,000 za mwezi kwa kaya zake 105, kila moja ingemchangia shilingi 2,400 kwa mwezi. Mwaka mvua iliponyesha, huenda zingepatikana. Mwaka wa njaa zisingepatikana, na huo ndio mwaka ambao mama huyu hupiga hodi mara nyingi zaidi.